Reli ya Honorine

Kuna wanaume huwaahidi binti zao cherehani, wengine huwaahidi masomo, na wenye akili hawaahidi kitu, husubiri kwanza waone mambo yanavyokwenda. Libérat wa Songo, mtaa wa Uvira, aliahidi treni. Aliahidi hadharani, siku mtoto wake wa pekee alipobatizwa, kikombe cha kasiksi, pombe ya ndizi, mkononi na wakwe zake wamekaa mbele yake wakimsikiliza. Na mdomo, kama tujuavyo, huponza kichwa.

“Huyu Honorine,” alisema, “hataondoka mu hii nyumba kwa miguu. Siku ya ndoa yake ataondoka kwa treni, sawa vile mama yake alikuya!”

Wakwe wakapiga makofi, kasiksi ikaongezwa.

Wakati ule haikuwa ahadi ya kichaa, maana treni ilikuwapo. Ilitoka Uvira asubuhi ikapita Kiliba, ikakata uwanda wa Ruzizi kati ya mashamba ya pamba na ng'ombe waliolala juu ya reli kana kwamba zimetandikwa kwa ajili yao, ikafika Kamanyola imechoka na imejaa vumbi. Libérat alikuwa kapita, yaani msimamizi, wa watu wa reli. Yeye na kundi lake ndio waliobadilisha mataruma yaliyooza, yaani yale magogo yanayolala chini ya chuma, ndio waliokaza misumari na kurudisha kokoto zilizochukuliwa na mvua. Alikuwa akitembea juu ya njia peku, na kwa unyayo tu alijua msumari upi umelegea. Kazi hiyo aliipenda. Sisemi aliizoea, nasema aliipenda, kama mtu anavyopenda chakula cha kwao.

Tena kapita alikuwa na haki ya kusafiri bure, daraja la mwisho, yeye na mkewe. Kwa haki hiyo alikwenda Katogota kumchukua Apolline. Hadithi ya safari ile aliisimulia kwenye kila arusi ya Songo, aombwe asiombwe: jinsi bibi arusi alivyokaa dirishani na kitenge kipya, jinsi miti na mbuzi na watoto walivyomkimbilia machoni, na jinsi alivyoziba mdomo kwa pindo la kitenge, mabega yakitikisika kwa kicheko kutoka Katogota hadi Kiliba. “Alichekaka njia muzima!” Libérat alikuwa akimaliza, na machozi yanamlengalenga. Apolline mwenyewe, hadithi ikifika hapo, alikuwa akiinuka kwenda kuangalia chungu cha sombe jikoni.

Basi, miaka miwili kabla ya uhuru, kampuni ikaamua kwamba malori yanatosha. Treni ikasimamishwa. Na nani aliyeitwa kung'oa reli? Wale wale waliozitunza. Libérat aling'oa kuanzia Kamanyola kurudi nyumbani, taruma kwa taruma, na kila jioni alilala mahali ambapo asubuhi yake hapakuwa tena na njia. Walipofika Uvira mikono ilikuwa salama lakini mtu mwenyewe alikuwa amepungua. Alikaa barazani akiangalia ziwa. Watu wa Songo, ambao hawamwachi mtu na huzuni yake kwa amani, walipita wakimsalimia: “Kapita, treni ya mutoto iko wapi? Tumesikia inachelewa!”

Uhuru ulipokuja alipata nguvu kidogo. Alicheza ngoma barabarani pamoja na wengine, na akawaambia majirani kwamba sasa nchi ni yetu, lazima treni itarudi, maana ni nani angetaka nchi isiyo na treni? Treni haikurudi. Walikuja mawaziri kwa maneno, wakaja askari wasiolipwa, bei ya chumvi ikapanda, na Honorine akawa msichana mkubwa. Kisha kijana mmoja mwalimu wa shule ya msingi huko Kamanyola, jina lake Placide, mpole, mrefu, mwenye baiskeli, akaanza kuonekana Songo mara nyingi kuliko shughuli zake zilivyomhitaji. Familia zikakutana. Ndoa ikakubaliwa.

Hapo ndipo Libérat alipokumbuka reli ndogo.

Chini ya mlima palikuwa na shimo la zamani la mawe, mahali kampuni ilikokuwa ikivunjia kokoto zake. Kutoka shimoni hadi kwenye njia kubwa kulikuwa na reli nyembamba, za kusukumia vigari vya mawe kwa mkono. Hizo hazikung'olewa, maana hazikuwa na thamani. Nyasi zilizifunika, na kigari kimoja kililala ubavu kama mbuzi mgonjwa. Mlinzi wa mwisho wa mahali pale, aliyekuwa akilinda hewa tu, alimwambia achukue chochote anachoweza kubeba. Libérat akaita marafiki wa kundi lake la zamani, wakazibeba mabegani kipande kwa kipande, mchana kweupe, watoto wakiwafuata na akina mama wakiuliza kama kapita amerukwa na akili.

Apolline hakuuliza, maana alikuwa na jibu tayari. Nyumba yao ilikuwa juu kwenye mteremko, na lango lilikuwa chini, kwenye barabara iendayo ziwani. Kati ya nyumba na lango kulikuwa na bustani, na bustani ilikuwa yake: lenga-lenga, maharage, bilinganya, na migomba pembeni.

“Baba Honorine,” alisema akishika kiuno, “treni yako ipite. Lakini isikule mboga zangu hata moja. Ikikula bilinganya, minye nitakula treni.”

“Itapita sawa kivuli, mama Honorine.”

Akaanza. Kwa kweli sijui kama kuna furaha inayozidi ile ya mtu aliyerudishiwa kazi yake. Alivuta kamba kutoka mlangoni hadi langoni, akapigilia vijiti. Akachimba mfereji usio na kina, akaumwagia kokoto alizozibeba kutoka mtoni Kalimabenge. Mataruma aliyachonga kwa mkaratusi na kuyalowesha kwenye oili chafu ya malori, mchwa wasiyaguse. Alikata kijiti cha kipimo, upana wa kutoka reli hadi reli, akawa anakipitisha kila hatua akigonga huku na kule kwa nyundo. Kisha alilala kifudifudi, akafumba jicho moja, akaangalia chuma kilivyonyooka, na Apolline aliyekuwa akipalilia akamsikia mume wake akiimba peke yake kwa mara ya kwanza tangu njia kubwa ing'olewe. Akaendelea kupalilia.

Watu wa reli wana desturi yao: njia mpya haimpandishi mtu kabla haijapandisha mawe. Kwa hiyo Jumapili moja, baada ya misa, Libérat alikijaza kigari mawe mbele ya mtaa mzima, akavua kofia, akaondoa jiwe lililozuia gurudumu, akakisukuma kidogo kwa kiganja.

Kidogo hicho kilitosha. Kigari kilianza polepole kama mgeni mwenye adabu, kikafika kwenye migomba kimesahau adabu zote, na kilipofika langoni hakuna aliyeweza kusema kina rangi gani. Kilipita lango, kikavuka barabara, kikabomoa uzio wa jirani, kikaua bata, kikapinduka mtaroni na mawe yake. Kisha mwenye bata akaanza kupiga kelele.

Msimcheke sana. Mtu huyu alikuwa ametandika reli maisha yake yote kwenye uwanda wa Ruzizi, na uwanda ni kama meza. Kule kigari kilikuwa kikisukumwa na watu wanne wanaotukana, na kikiachwa kinasimama chenyewe. Kuzuia gurudumu kulihitaji jiwe moja tu, na mara nyingi hata hilo lilikuwa la heshima. Alitengeneza njia nzuri, nyofu, ya uwanda, halafu akailaza kwenye mlima. Ni kosa ambalo mtu asiyejua reli asingelifanya.

Aliyecheka hadi akakaa chini ni Semana. Huyu alikuwa mfugaji kutoka milima ya juu, huko kwenye ng'ombe na baridi, aliyeshuka ujanani kutafuta kazi ya reli na akafanya kazi chini ya Libérat hadi mwisho. Njia ilipong'olewa alirudi kwa ng'ombe wake, lakini alizoea kushuka Uvira na siagi ya kuuza, na hakuna safari aliyopita bila kulala kwa kapita wake.

“Kapita,” alisema akifuta machozi, “ngombe haishukake mulima sawa jiwe. Inazungukaka.”

“Minye siko ngombe, Semana.”

“Njo maana bata imekufa.”

Akachukua fimbo yake, akaanza kushuka bustanini kama anayetangulia kundi: kutoka mlangoni hadi kwenye migomba, hapo akageuka, akapita nyuma ya jiko, akateremka kidogo kando ya maharage, akageuka tena, akafuata uzio taratibu hadi langoni. Libérat alimfuata akipigilia vijiti vyake. Ilikuwa njia nzuri. Ubaya wake ni kwamba ilipita katikati ya bilinganya.

Wote wawili wakamwangalia Apolline. Apolline akawaangalia wao, akaangalia bilinganya, akaingia ndani. Wakadhani mambo yamekwisha. Akatoka na jembe, akaanza kuzihamisha yeye mwenyewe, mche kwa mche, akilalamika bila kupumua: kwamba aliolewa na mtu au na chuma, kwamba wanaume wakikosa kazi ni heri wanywe pombe, kwamba Semana naye, mtu wa Mungu na mlokole, ameingia kwenye wazimu huu. Alilalamika hadi mche wa mwisho, akaumwagilia maji.

Kukunja reli si mchezo. Walizilaza juu ya moto wa makaa hadi chuma kikawa chekundu, wakazibana kati ya visiki viwili, wakavuta, Semana upande huu na Libérat upande ule. Kwa breki walifunga gogo la mkaratusi linalokandamiza gurudumu mtu akivuta kamba. Mawe yakapandishwa tena, na safari hii yalishuka kama wazee wanaotoka kanisani. Mwenye bata mwenyewe akapiga makofi. Libérat akapigilia kiti kwenye kigari, akakipaka rangi ya buluu, na jioni zile yeye na Semana walikaa barazani wakibishana kuhusu kona ya nyuma ya jiko, nani alivuta vibaya. Ukiniuliza, nadhani huo ndio uliokuwa wakati mzuri kuliko yote katika maisha yake, hata kuliko ule wa treni kubwa.

Ndoa ilipangwa mwezi wa tano, mvua zikipungua, mwaka wa sitini na nne. Kamati ya harusi ilikuwa imekwisha kukaa. Gauni jeupe lilikuwa limeshonwa na kuning'inizwa ukutani likiwa limefunikwa shuka.

Baada ya Pasaka habari mbaya zikaanza kutoka uwandani. Vijana walioiasi serikali walikuwa wameshika mikuki na mapanga, wakinyunyiziwa dawa ya kugeuza risasi kuwa maji. Barabara ya Kamanyola ikafungwa. Askari wa serikali walipita wakipanda, kisha wakapita wakishuka, na kila walipopita kuku walipungua. Semana akaacha kuja. Njia ya kwenda milimani ilikuwa imegeuka mahali ambapo kila upande unamuuliza mtu yeye ni wa nani, na jibu lolote ni baya. Libérat alimkosa sana, na alisema hivyo waziwazi kwa kila aliyemuuliza, ingawa wengine walimshauri asiseme. Kuhusu Placide hakukuwa na habari hata kidogo. Honorine alikuwa akilikunjua lile shuka, analiangalia gauni, analifunika tena.

Halafu asubuhi moja Protais akaja mbio. Huyu Protais alikuwa mvuvi wa pale pwani, binamu wa Apolline, mtu asiyekimbia hata mvua ikimkuta njiani.

“Placide iko muzima,” alisema kabla ya salamu. “Alivuka muto Ruzizi. Iko Bujumbura, ngambo ya ziwa, kwa mujomba wake, na padri amekubali kubafungisha ndoa. Ananituma: Honorine akuye. Ninaondoka sasa hivi na batoto bangu. Mu mutumbwi mumebakia nafasi moja.”

Barabarani askari walikuwa wakipakia magodoro kwenye lori la mwisho. Kila mtu alijua maana yake. Askari wakiondoka mchana, wale wa mikuki wataingia jioni.

Apolline akaanza kufunga mzigo. Gauni halikuingia, likaachwa. Honorine alivaa kitenge cha kila siku na viatu vya mvua, akasimama mlangoni, na hapo miguu yake ikagoma.

“Minye siendi,” alisema. “Nitabaacha na nani? Mama, nitabaacha na nani?”

Libérat alitaka aende na alitaka abaki, vyote viwili kwa nguvu sawa, na kifua kilikuwa kinamuuma kama amebeba reli peke yake. Macho yake yalikwenda kwenye kigari cha buluu, yakarudi. Hapana. Kigari kile kilikuwa cha bibi arusi, cha gauni jeupe na ngoma na wakwe wakipiga makofi. Si cha mtu anayekimbia.

“Nenda kwa miguu, mwanangu,” alisema. “Treni yako itakungojea. Utarudia, utapanda na furaha, sawa vile mama yako.”

Honorine akashuka hadi kwenye migomba, akageuka, akarudi mbio akamkumbatia mama yake. Wakambembeleza. Akashuka tena, akarudi tena, safari hii akakaa chini kabisa kizingitini, akaficha uso kwenye magoti. Kutoka barabarani Protais aliita kwamba hawezi kungoja zaidi. Watoto wake walikuwa wakilia.

Hapo Apolline akaweka mzigo kwenye kigari.

“Mupandishe,” alimwambia mumewe.

“Mama Honorine, leo si siku yake. Hii ni gari ya furaha.”

“Furaha gani?” Sauti yake haikuwa kubwa. “Baba Honorine, furaha gani? Siku ile minye sikuwa nacheka. Nilikuwa nalia. Tangu Katogota mpaka Kiliba nilikuwa nalia mu kitenge, na weye uko kando yangu, unabaonyesha bantu bibi yako vile anacheka. Nilikuwa mutoto. Nilikuwa naacha mama yangu na ugonjwa. Kama ni miguu yangu, singefikaka Uvira. Ile treni ndio ilinibeba, juu miguu yangu ilikuwa inakatala. Sasa angalia mutoto wako. Mupandishe.”

Libérat alisimama kama mtu aliyepigwa na mlango. Miaka yote ile, na arusi zote zile. Alitaka kuuliza, lakini hapakuwa na wakati wa kuuliza. Akainama, akamwinua binti yake kutoka kizingitini kama alivyokuwa akimwinua akiwa mdogo, akamweka kwenye kiti cha buluu. Honorine hakukataa. Akashika mzigo kwa mikono miwili, akafumba macho.

Libérat akaondoa jiwe, akashika kamba ya breki, akatembea pembeni.

Kigari kilishuka. Kilipita migomba, kikageuka kwa kelele ndogo ya chuma, kikapita nyuma ya jiko, na kwenye maharage Honorine alifumbua macho na kutazama nyuma. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni, mkono juu. Msichana akaanza kulia, mabega yakitikisika, pindo la kitenge mdomoni, na baba yake aliona sasa, kwa macho yake mwenyewe na mchana, kwamba kwa mbali mtu angeapa anacheka. Hakuvuta breki. Mkono ulitaka kuvuta, akauzuia. Kona ya mwisho, uzio, lango. Protais akampokea, akachukua mzigo kichwani, na wakashuka barabara ya ziwani kwa haraka. Honorine alitembea vizuri. Alikuwa amekwisha kuondoka, na kilichobaki kilikuwa njia tu.

Libérat akakaa chini kando ya reli, akalia kwa sauti bila kujali nani anasikia. Lori la askari likapita na magodoro yake. Aliponyamaza alikuta Apolline amesimama karibu naye.

“Juu ya nini haukuniambia?”

“Ulikuwa unaisimulia na furaha sana,” alisema. “Na kila mara mbele ya bantu.”

“Na kama ile siku treni ingeharibika mu njia?”

“Ningeshuka. Ningerudia kwetu.”

Alisema bila hasira, kama mtu anayetaja bei ya zamani ya chumvi. Libérat akainamisha kichwa.

“Halafu?” akauliza.

Apolline aliangalia barabara, ambako hawakuonekana tena.

“Halafu leo hatungekuwa na muntu wa kulilia,” alisema.

Akaegemeza bega lake kwenye kigari, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na Libérat akainuka akaegemeza lake, wakaanza kukisukuma kupanda.